Mgahawa wetu wa Harrisburg: pilau, tivii nne, na msimu ambao makocha waliondoka

Hii rivyu nimekaa nayo tangu Januari, kila siku nasema nitaandika nitaandika, leo nipo ofu na nje theluji imekaza hakuna pa kwenda kwa hiyo naandika yote, mtanivumilia kwa urefu.

Jina la mgahawa siweki. Mama mwenye mgahawa kaniomba, anasema ana meza kumi na moja tu na Jumamosi watu tayari wanasimama mlangoni na sahani mkononi, akiongezewa wengine atawaweka wapi. Ila ukiwa Harrisburg hapa Pennsylvania, au Mechanicsburg, au hata ukitokea Lancaster, muulize Mswahili yeyote utakayemkuta msikitini au kanisani, mwambie nataka ile sehemu wanapika pilau na kuonyesha futiboli ya vyuo, atakupeleka mpaka mlangoni na yeye ataingia ale.

Nasema futiboli, ile ya Kimarekani, sio soka. Tivii ziko nne. Mbili za upande wa kaunta ni za soka, na mbili za dirishani kuanzia saa sita mchana Jumamosi ni futiboli ya vyuo mpaka usiku, hazibadilishwi hata uje umevaa jezi ya nani. Mama ni mtu wa Morogoro, yupo nchi hii miaka mingi, kijana wake wa kwanza alicheza haiskuli hapa hapa na yeye kajifunza mchezo kwa kukaa kwenye yale mabenchi ya chuma kwenye baridi, sa hizi anaujua kuliko wanaume wengi mle ndani. Unamuuliza swali anakujibu huku anahesabu chenji, na chenji haikosei.

Mimi nimeletwa kwenye huu mchezo na mwanangu vilevile. Anacheza laini ya ulinzi chuo kimoja kidogo cha Divisheni III, daraja la tatu la michezo ya vyuo, huko hakuna skolashipu ya michezo kabisa, mtoto anacheza kwa sababu anaupenda na mzazi analipa ada kama kawaida. Nalisema mapema kwa sababu nitalirudia.

Chakula kwanza, maana ndo rivyu yenyewe. Pilau ya mbuzi dola 16 na kachumbari na ndizi moja, na ni pilau ya kahawia ile ya kweli, vitunguu vimekaangwa mpaka vikakaribia kuungua, bizari nzima unaiona kwa macho, kiazi kimeiva kimenywa mchuzi lakini hakijapasuka. Mishkaki dola 3 kijiti, nyama laini ila wakati mwingine chumvi imezidi. Mabawa ya kuku ya ndimu na pilipili ni ya siku za mechi tu, sahani ya kumi dola 14, na hapa nawaomba msiseme "pilipili kidogo" mkadhani mtapata kidogo. Chai ya maziwa ya tangawizi dola 3 na nusu, wanaileta kwenye chupa na vikombe viwili hata ukiwa peke yako, mama anasema mtu hanywi chai peke yake.

Chapati nitaifikia. Chapati ina historia yake.

Nilianza kwenda pale kila Jumamosi Agosti 2025, Penn State wakiwa wameanza msimu wakipangwa namba 2 nchi nzima. Kwa asiyejua, Penn State ndo timu ya hili jimbo, wako kule State College, saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa, uwanja wao wa Beaver unaingiza watu zaidi ya laki moja na elfu sita na unajaa. Januari ile ya kabla walifika nusu fainali ya taifa wakafungwa na Notre Dame 27-24, kwa hiyo msimu huo kila mtu alikuwa anasema sasa ni zamu yetu. Halafu ikaja Septemba 27, Oregon wakaja hapa wakashinda 30-24 baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Wiki iliyofuata wakaenda UCLA, timu ambayo ilikuwa haijashinda mechi hata moja, wakapigwa 42-37. Wiki inayofuata tena Northwestern wakaja nyumbani kwao wakashinda 22-21 na kwotabeki wao Drew Allar, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akaumia mule mule, msimu wake ukaisha. Siku ile mgahawa ulikuwa kimya, kimya kabisa, unasikia mafuta yanachemka jikoni.

Kesho yake Jumapili tarehe 12 Oktoba wakamfukuza kocha James Franklin. Alikuwepo tangu 2014, ameshinda mechi 104 pale, na mkataba wake ulivyokuwa umeandikwa chuo kilikuwa kinadaiwa karibu dola milioni 49 kwa kumwachisha kazi. Kuna mzee mmoja wa Kikongo, wa Bukavu, anakaaga meza ya karibu na hita, mtu mpole haongei sana, aliposikia hiyo namba akaweka kijiko chini akasema, "Milioni makumi ine na kenda, juu ya kuambia mutu aende?" Hakuna aliyemjibu. Utamjibu nini.

Sasa sikilizeni. Wiki ile ile, Alhamisi, fundi mkuu wa jikoni pale mgahawani akaaga. Jamaa wa Mombasa, mikono ya dhahabu, chapati zake zilikuwa zinachambuka zenyewe ukishika kwa vidole viwili, amepata kazi sehemu kubwa zaidi Maryland na mshahara mzuri, na mimi simlaumu hata kidogo, mtu ana watoto. Lakini aliondoka na siku tatu tu za kutoa taarifa, katikati ya msimu, Jumamosi inakuja na watu themanini wanataka kula. Mama alikuwa kama kapigwa na radi.

Jikoni alibaki dada mmoja wa Pangani ambaye alikuwa msaidizi. Huyu dada yupo tangu siku ya kwanza mgahawa umefunguliwa, ndiye anayejua jiko lipi linawaka vibaya, ndiye aliyekuwa anawafundisha wale vijana kukata nyama na kuosha mchele, fundi mkuu alikuwa anakuja saa nne asubuhi anakuta kila kitu kiko tayari. Sisi wateja hatukumjua kwa sababu hatoki jikoni. Mama akamwambia ashikilie kwa muda wakati anatafuta mtu.

Na kule State College ikawa hivyo hivyo. Wakamshikisha timu Terry Smith. Huyu alicheza hapo hapo Penn State enzi za ujana wake, mpokeaji wa pasi, halafu akarudi kama kocha 2014 na Franklin, alikuwa anafundisha mabeki wa pembeni na ni msaidizi wa kocha mkuu. Alianza kwa kupoteza tatu, Iowa 25-24, Ohio State, na Indiana 27-24 kwa tachidauni, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja, ya dakika ya mwisho, ile ilituuma jamani. Lakini ukiangalia timu ulikuwa unaona vijana wanacheza kwa ajili yake, wanamkimbilia, wanamkumbatia, mechi ya Indiana wale walikuwa namba 2 nchi nzima na kidogo tu wangewatoa. Halafu wakaanza kushinda.

Dada wa Pangani naye wiki mbili za kwanza ilikuwa shida, niseme ukweli maana hii ni rivyu. Oda zilichelewa, mimi nilisubiri mabawa dakika hamsini, robo ya pili ikaisha nikaingia mapumziko bila kula. Chapati zikawa ngumu kidogo pembeni. Lakini pilau, aisee, pilau ikawa bora kuliko ya mwanzo. Nilidhani ni njaa yangu tu, nikamuuliza mzee wa Bukavu naye akatikisa kichwa akasema hata yeye kaona. Kumbe pilau siku zote ilikuwa ya huyu dada, yule fundi alikuwa anaimalizia tu na kuipakua.

Sasa mama alikuwa anatafuta fundi kutoka nje. Alikuwa ameshaongea na mtu wa Minneapolis, mtu ana jina, ana video zake watu wanaangalia, na mama alikuwa anasema mgeni njoo mwenyeji apone. Vijana wa kuhudumia walikuwa wanamjibu zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini wanajibu kwa sauti ndogo, unajua tena, mama ndiye anayelipa.

Jumamosi tarehe 22 Novemba usiku Penn State wakacheza na Nebraska, mechi ya mwisho nyumbani, mgahawa umejaa mpaka kwenye ngazi. Wakashinda 37-10. Kaytron Allen usiku ule akawa ndo mtu aliyekimbiza mpira yadi nyingi kuliko wote kwenye historia ya chuo. Na baada ya mechi, hapa ndo nataka mnielewe, kamera zikaonyesha wachezaji wenyewe uwanjani, bado wamevaa mavazi ya mechi, wameshika mabango yameandikwa mwajirini Terry Smith. Sio mashabiki peke yao. Wachezaji. Wale watu ambao kila asubuhi gizani wapo naye kwenye mazoezi, wanajua anaongea vipi timu ikipoteza na anaongea vipi mtoto akifiwa na bibi yake. Mgahawa mzima ulisimama. Mama alikuwa ameshika trei ya vikombe, akasimama nayo hivyo hivyo anaangalia tivii mpaka ilipoingia matangazo.

Jumatatu nikapita kuchukua maandazi kabla ya zamu. Karibu na kaunta, pale wanapoweka sukari, kuna kipande cha boksi la mafuta ya kupikia kimebandikwa kwa selotepu, kimeandikwa kwa maka nyeusi kwa herufi kubwa, MPE DADA JIKO. Chini kuna majina ya vijana wote sita wa pale, hata yule wa kuosha vyombo ambaye hata hajui kuandika Kiswahili vizuri, yeye ni Mnepali, kaandika jina lake tu. Nilikaa nakiangalia. Mama alikuwa nyuma yangu, nikamuuliza mama unakiacha hapo? Akasema, "Nikitoe nikiweke wapi, wameshasema."

Hakufanya haraka. Alichofanya, na hii ndo sababu natoa nyota nyingi kwa huu mgahawa kuliko sehemu zenye marumaru, alifunga Jumanne moja mchana, akawakalisha wote kwenye meza mbili za kuunganisha, akawauliza mmoja mmoja. Nimehadithiwa na kijana mmoja wa kuhudumia na mama mwenyewe kathibitisha. Akawauliza nini kitaharibika dada akichukua jiko na nini kitaharibika asipochukua. Walisema yote, walisema chapati, walisema kuchelewa, walisema kwamba dada anaogopa kumkaripia mtu hata akikosea. Dada mwenyewe alikuwa amekaa pale anasikiliza. Halafu akasema yeye chapati hajasoma kwa mtu, atajifunza, lakini wampunguzie menyu.

Ndani ya wiki hiyo hiyo ikaja ile ya Ole Miss, na hii kwa wanaofuatilia mnajua ilivyotikisa nchi. Lane Kiffin, kocha wa Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi kule Oxford. Timu imeshinda 11 imepoteza moja, Ijumaa tarehe 28 wametoka kuwapiga jirani zao Mississippi State 38-19, wanaenda kuingia pleiofu ya taifa, zile mechi za mtoano za kumpata bingwa, kwa mara ya kwanza tangu pleiofu zianze, na Jumapili tarehe 30 kocha anasema naondoka naenda LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. LSU ambao wapo ligi moja nao, SEC, wanachukiana. LSU walikuwa wamemfukuza Brian Kelly tarehe 26 Oktoba, siku moja baada ya kupigwa nyumbani na Texas A&M 49-25, na yeye alikuwa anadai kama dola milioni 54. Kiffin mkataba wake mpya ni miaka saba, karibu milioni 13 kwa mwaka. Tuliona video ya watu wamejazana kwenye kale kauwanja ka ndege ka Oxford wanamzomea.

Kwenda mtu anaenda. Fundi wetu wa Mombasa alienda na nimesema simlaumu. Kilichonigusa ni kilichofuata. Kiffin alitaka aendelee kuifundisha Ole Miss kwenye pleiofu huku keshakuwa mtu wa LSU, mkurugenzi wa michezo wa Ole Miss, Keith Carter, akakataa, na hapo hapo akampa timu Pete Golding aliyekuwa kocha wa ulinzi, sio wa muda, moja kwa moja. Kiffin akatoa tamko kwamba aliomba kubaki na kwamba hata timu ilimuomba Carter amwache. Haikuchukua muda wachezaji wakajibu hadharani kwa majina yao. Brycen Sanders, yule wa katikati ya laini anayempa kwotabeki mpira, na Suntarine Perkins, lainibeka wa upande wa ulinzi, wakasema hapana, mle kwenye kikao hukusema hivyo, na kila aliyekuwemo anaweza kushuhudia.

Fikiria huo ujasiri. Kijana wa chuo anamwambia mtu wa milioni 13 mbele ya nchi nzima, usitutumie jina letu.

Mgahawani siku ile ulizuka ubishi mpaka wa soka wakageuza viti. Jamaa mmoja anayefanya kazi ya malori akasema wanyamaze hawa, sa hizi wanalipwa. Na kweli, tangu mahakama ilipopitisha makubaliano Juni 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mpaka kama milioni 20 na nusu kwa chuo kizima, michezo yote. Mimi nikamwambia shemeji, wewe unalipwa kuendesha lori, bosi wako akisema kwa watu kwamba madereva wangu ndo waliniomba nifanye hiki, na wewe hukuomba, utanyamaza? Akanyamaza kidogo. Mzee wa Bukavu ndo akamaliza, sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo, akasema, "Baba anatoka mu nyumba, batoto banabakia, na bado unabakataza hata kulia?"

Sasa la mwanangu. Chuo chake sikitaji wala mtu wa huko simtaji. Desemba kocha wake wa nafasi, aliyekuwa anafundisha wale wa laini ya ulinzi, aliondoka. Walipata habari kwa meseji kwenye grupu, mistari miwili, saa tano usiku, wiki ya mitihani. Yule kocha ndiye aliyekuja nyumbani kwetu, akala ugali na samaki mezani kwangu, akaniambia mzazi nitamlea. Vijana kumi na moja wakaandika barua kwa uongozi wa michezo, barua ya heshima kabisa, mwanangu alinisomea kwenye simu kabla hawajaituma, hawakudai chochote kikubwa, waliomba tu waulizwe kabla mtu mwingine hajaletwa, na wakataja msaidizi mmoja kijana ambaye wanamwamini. Wiki mbili hakuna jibu. Halafu wakaletewa mtu. Labda ni mzuri, sijui, mwanangu anasema anafundisha vizuri. Lakini barua mpaka leo haijajibiwa, na mtoto wangu ambaye ni mkubwa, kilo mia na kumi na mbili, alinipigia simu sauti imekauka. Nilimchukua wikiendi nikampeleka pale mgahawani. Dada wa Pangani alitoka jikoni, kwanza mimi sijawahi kumuona akitoka, akamwekea sahani mwenyewe, akamwambia kula mwanangu, mimi nilisemewa na watoto wenzio na nikapata, na wewe siku yako ipo. Bili ile alikataa kuandika sahani ya mtoto. Niliacha hela chini ya kikombe.

Penn State mwisho wake wengi mnaujua. Walihangaika kutafuta kocha karibu miezi miwili, Kalani Sitake, kocha wa chuo cha BYU, akaamua kubaki kwake, siku ya kusaini watoto wa haiskuli tarehe 3 Desemba walisaini wawili tu, wawili, chuo cha hadhi ile, wengi walishamfuata Franklin kwenye kazi yake mpya Virginia Tech. Tarehe 5 wakamtangaza Matt Campbell wa Iowa State kuwa kocha mpya. Mabango hayakushinda. Lakini Campbell alimbakiza Terry Smith kama msaidizi wake mkuu, na Smith ndiye aliyewasimamia kwenye mechi ya mwisho wa mwaka New York dhidi ya Clemson, wakashinda 22-10. Mimi naamini lile la kumbakiza lisingekuwepo kama wale vijana wangekaa kimya. Na mlango wa uhamisho, kile kipindi wachezaji wanaruhusiwa kuhama chuo, ulipofunguliwa Januari wengi waliondoka, wengine wakaja na Campbell kutoka Iowa State akiwemo kwotabeki Rocco Becht, kwa hiyo msimu wa 2026 ni kujifunza majina upya. Kuna sheria inayowapa wachezaji mlango wao maalum kocha akibadilishwa, zamani ulikuwa wazi siku 30, wamepunguza zimebaki 15. Mama anasema siku 15 hata mtu anayehama hazimtoshi kuuza samani zake.

Mgahawani mama alitangaza wiki ya pili ya Desemba. Hakufanya sherehe. Kile kipande cha boksi alikitoa mwenyewe, akakigeuza upande wa pili akaandika menyu mpya kwa maka ile ile, akakirudisha pale pale. Menyu imepungua kutoka vitu ishirini na kitu mpaka tisa. Biriani ni Ijumaa tu. Kumeongezeka samaki wa kupaka, dola 19, nazi nzito na ndimu ya kutosha, wa mkaa kweli ingawa mkaa unachomwa nyuma kwenye kibaraza na baridi yote hii, kijana anasimama nje amevaa koti mbili. Huyo samaki ndo sababu nyingine ya kwenda.

Niliangalia pleiofu zote pale. Tarehe 20 Desemba Ole Miss wakawapiga Tulane 41-10 chini ya Golding, na hapo kuna kitu watu hawakukizungumza sana, kocha wa Tulane Jon Sumrall naye alikuwa keshakubali kwenda Florida lakini chuo chake kikakubaliana naye abaki na vijana mpaka mwisho. Kwa hiyo inawezekana, watu wakikaa wakaongea. Alipigwa, lakini alikuwepo pale pembeni amesimama nao. Halafu Januari mosi New Orleans, Ole Miss na Georgia, Georgia ambao walishawafunga Oktoba 43-35. Mechi ile nilisahau kula. Trinidad Chambliss, kwotabeki aliyetoka chuo kidogo cha Divisheni II, Ferris State, alikuwa anawakimbia mabeki kama mtu anayekwepa madimbwi ya maji, na mwisho kabisa zimebaki sekunde sita Lucas Carneiro akapiga mpira kwa mguu kutoka yadi 47 ukapita katikati ya nguzo. Ikaisha 39-34. Vijana walioachwa na kocha wao mwezi mmoja nyuma. Wiki iliyofuata Miami wakawatoa kule Arizona 31-27 na sikuona aibu kutoka machozi.

Ile ya Georgia dada alikuja mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi sakafuni, akauliza ndo hao walioachwa? Tukamwambia ndo hao. Akabaki pale mpaka mpira ukapita.

Mapungufu, maana yapo. Pakingi ni ya magari saba na jirani ana hasira, ukipaki kwake gari inavutwa, mimi nimeshalipa. Choo ni kimoja na Jumamosi foleni yake inapita mbele ya tivii. Mkija zaidi ya sita wanaongeza asilimia 18 ya tipu kwenye bili bila kusema, angalieni msilipe mara mbili. Hawapokei kadi chini ya dola 10. Oda bado zinachelewa kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, sio kama Oktoba lakini zinachelewa, kwa hiyo agiza mapema, usisubiri robo ya tatu.

Chapati: mwezi huu wa pili nimekula mara nne. Ya kwanza ilikuwa bado nene. Ya nne, Jumamosi iliyopita, dada kaileta mwenyewe kwenye kitambaa akasimama anasubiri, nikaishika kwa vidole viwili ikachambuka upande mmoja, upande wa pili bado. Nikamwambia upande mmoja dada. Akasema rudi Jumamosi.

Nyota nne kati ya tano. Wapo wazi kila siku isipokuwa Jumatatu jioni, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nne usiku, siku za mechi mpaka iishe. Kaa meza ya dirishani, na ukimkuta mzee karibu na hita mwongezee chai.